Zamu ya Mama Pendo

Siku ya kuniaga, risala ilisema nimewavuna watu wengi katika miji ya dhahabu na kwamba matunda ya kazi yangu yanaonekana. Sikubisha. Pilau lilikuwa linapoa, na aliyeandika risala ni kijana mzuri ambaye hakuwa amezaliwa nilipoanza kazi. Lakini baada ya hafla wainjilisti vijana walinizunguka wakaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa miaka ile. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nitaandika nilichokiona, si kilichosomwa kwenye risala. Niliishia darasa la sita, hivyo msitarajie maneno makubwa.

Nilizaliwa Kambarage, Shinyanga mjini, wa kwanza kati ya watoto wanne. Walionifuata ni mapacha, Kulwa na Doto, na baada yao Shija. Baba alitangulia kufa, mama naye akamfuata wakati Shija bado ananyonya. Baada ya kuanua matanga ndugu walikaa uani kutugawana. Mapacha waende Maswa kwa baba mdogo, Shija aende kwa shangazi, na mimi nitafutiwe mume. Nikasema hapana. Mjomba akacheka, akaniuliza, "Utawalisha nini, na wewe mwenyewe unalishwa?" Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa walikuwa pembeni wanaosha vyombo vya msiba. Waliviacha vyombo, wakaja na mikono yao ya majivu wakakaa upande wangu. Mmoja akasema, "Mama yao tumesali naye kila Alhamisi. Hawa ni watoto wetu. Waacheni hapahapa." Hawakuwa na mali yoyote, lakini walikuwa wengi, na mjomba hakupenda kelele za wanawake. Tukabaki pamoja.

Niliacha shule. Niliuza maandazi na kufua nguo za watu, na mtaa ukazoea kuniita Mama Shija ingawa Shija ni mdogo wangu. Sikuzaa. Jina hilo ndilo nililostaafu nalo.

Naeleza haya kwa sababu moja tu. Tangu siku ile niliamini kwamba mtoto aliyefiwa, akiwa na jumuiya, ana kwao. Sikuitoa imani hiyo kwenye kitabu. Ilikuja na mikono ya majivu ya wanawake wale. Ndiyo iliyonipeleka kazini, na kazini ndiko ilikopata majeraha.

Aliyenifundisha kazi ni Mwinjilisti Zakayo, mzee mfupi wa Shinyanga aliyekuwa na baiskeli ya Kichina isiyo na breki. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kanisa lilitaka watu wa kuwafuata wakazi wapya wa mjini, wale waliotoka vijijini wakapanga vyumba na kupotelea humo. Mzee Zakayo alikuwa na kipaza sauti cha mkononi kinachotumia betri. Siku yangu ya kwanza alinipeleka stendi ya mabasi, akanikabidhi kile kipaza sauti, akakaa kwenye kivuli cha kibanda kama mtu aliyekuja kusubiri basi.

Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye maneno "Yesu anakuita uje," betri zikafa. Kijana mpiga debe aliyekuwa karibu akanimalizia kwa sauti kubwa kuliko yangu: "Mwanza! Mwanza! Mwanza! Yesu yuko kiti cha mbele, bado nafasi mbili!" Stendi nzima ikaangua kicheko. Nilirudi kibandani. Mzee Zakayo alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "leo wamekusikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Sasa weka hicho chombo chini, twende tukafanye kazi."

Kazi, kumbe, ilikuwa kutembelea vyumba. Alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye semina. Nenda saa nne au saa tano asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo waliokesha wamelala, na baada ya hapo wenye njaa wamekwenda kutafuta. Salimia kwanza kwa lugha ya nyumbani. Mtu ukimwambia "Mwangaluka" mlangoni, anafungua kabla hajafikiri. Kaa unapoonyeshwa, hata kama ni kwenye ndoo. Usimwulize mwanamke mumewe yuko wapi. Usiguse kitabu mpaka uulizwe umekuja na nini. Na katika mfuko weka sabuni ya mche juu, Biblia chini. "Mtu anayeonea haya shuka lake," alisema, "hasikii neno lolote. Anaangalia tu kama umeliona."

Mzee Zakayo alikufa kabla sijahamishwa. Baiskeli nilirithi mimi, nikaitia breki.

Katikati ya miaka hiyo nilipelekwa Geita. Shija alikuwa ameshapata gereji ya kujifunzia ufundi, na mapacha walikuwa wanajitegemea, hivyo sikuwa na kisingizio. Geita wakati ule ilikuwa inafumuka. Kila mwenye sepetu alikuwa amesikia habari ya dhahabu. Walikuja kutoka Singida, Kigoma, Tanga, Mbeya, Wakristo na Waislamu, wakapanga Kalangalala katika vyumba vya tope visivyopigwa lipu. Wachimbaji walishuka kwenye maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, wiki nzima, kisha wakaja mjini kuzimaliza pesa. Hakuna aliyetumia jina lake. Kulikuwa na Kifaru, Kanali, Mwisho wa Reli. Mtu akifukiwa na duara tulikuwa tunamzika Kanali, na mahali fulani mama yake alikuwa anamsubiri Emanueli.

Nilizika wengi. Nguo ya kutandika ndani ya jeneza nilikuwa naipata kwa Mzee Akbar, Mhindi mwenye duka la vitambaa barabarani. Aliponiona naingia alikuwa anashusha jora la marekani kabla sijasema shikamoo. "Marahaba, Mama Shija," alikuwa anasema, "siku moja uje kununua kitambaa cha harusi bwana, duka langu linaanza kunuka udongo." Alikuwa Mwislamu na sikuwahi kumhubiria. Nadhani alishukuru.

Sasa niwaeleze jumuiya yetu ya Kalangalala, maana ndiyo kiini cha habari hii. Kama mnavyojua, jumuiya ni nyumba za jirani zinazosali pamoja. Sala ilikuwa Alhamisi alasiri, na ilizunguka kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kila mtu alikuja na kigoda chake. Mwenye nyumba alitoa mkeka, chai na kitu kidogo cha kutafuna. Kupokea zamu ndiko kulikokufanya uwe mtu wa jumuiya. Aliyesaliwa nyumbani kwake, akifa anazikwa na jumuiya, na watoto wake wanasimamiwa. Asiyewahi kusaliwa alikuwa mhudhuriaji tu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na kwa sababu hiyo hakukuwa na namna ya kuifuta.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Balele, muuza spea za baiskeli. Alikuwa mtu mwema, na ninataka hilo lieleweke. Alikuwa akinitengenezea baiskeli bure. Lakini alipenda utaratibu kama watu wengine wanavyopenda chumvi.

Mama Pendo nilimkuta nyuma ya baa moja, katika vyumba walivyokuwa wakiishi wahudumu. Siku ya kwanza nilipokelewa na mwenzake aitwaye Stella, msichana mrefu aliyekuwa anasuka nywele zake mwenyewe kwa kujitazama kwenye kipande cha kioo.

"Mama, soda iko mbele, dhambi iko nyuma," alisema bila kugeuka. "Umekosea mlango au umepatia?"

"Nimekuja kusalimia."

"Salimia basi. Usitupigie kelele, kuna mtu anaumwa kichwa."

Aliyekuwa anaumwa kichwa alicheka kutoka ndani. Alikuwa mwanamke wa Runzewe, mweusi, mwembamba, mwenye mwanya. Alibatizwa kwao akiwa mdogo, akaolewa, akaachwa, akaja na binti yake mchanga kutafuta maisha. Binti huyo, Pendo, sasa alikuwa darasa la pili. Nilimpa mama sabuni. Akaigeuza mkononi, akaniuliza, "Na jumuiya yenu inasali siku gani?"

Alianza kuja. Kila Alhamisi, kabla ya kuingia kazini, alikuja amefunga kitambaa kichwani na kigoda mkononi, akakaa karibu na mlango. Watu walimpa salamu. Wengine walivuta vigoda vyao kando kidogo. Aliimba vizuri kuliko wote, na hilo halikumsaidia.

Halafu akaanza kuumwa. Kwanza kikohozi, kisha homa za kwenda na kurudi, kisha mwili ukawa unapungua kila nikimwona. Ugonjwa ule miaka hiyo haukutajwa jina. Vijana walikuwa wanasema mtu amekanyaga waya. Mwenye baa alimwondoa kwenye meza, akamwachia chumba, na Stella akawa anahudumia meza zake na za mwenzake, kisha anarudi nyuma kumwogesha.

Siku moja nilipokuwa namfulia mashuka aliniambia, "Mama Shija, zamu yangu lini?"

Nilijifanya sijaelewa.

"Watu wote wamesaliwa. Mama Kabula amesaliwa mara mbili, na nyumba yake inavuja. Mimi lini?"

"Unaumwa. Ukipata nafuu."

"Sitapata nafuu, na wewe unajua. Sikiliza. Mimi naondoka. Nataka waje hapa, waingie, wakae kwenye mkeka wangu, wamwone mtoto wangu akiwa na mama. Siku nikiondoka wawe wanamjua ni wa nani. Sitaki wamkute kando ya jeneza kama mbuzi wa kuokotwa."

Nilikuwa nimeona mambo hayo hayo kwa macho yangu nikiwa mtoto, na yalinisaidia. Nilikwenda kwa Mzee Balele siku hiyohiyo na mikono ikiwa bado na povu.

Alinisikiliza huku anakaza spoku. "Nyuma ya baa, Mama Shija? Akina mama wapite katikati ya meza za pombe na vitabu vya nyimbo?"

"Kuna njia ya nyuma."

"Ninayo namna nzuri zaidi. Zamu iwe yake, lakini tuifanyie kwa Mama Kabula, jirani yake. Yeye aletwe, akae, atasaliwa."

Nilipeleka maneno hayo. Mama Pendo alijiinua kwenye kiwiko. "Mwambie zamu ni ya nyumba. Kama hawawezi kuingia kwangu nikiwa hai na nimefagia, mtoto wangu ataingiaje kwao?"

Mzee Balele alitafakari, akakubali. Alitangaza kanisani Jumapili, mbele ya wote, kwamba Alhamisi ni kwa Mama Pendo. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Kila mtu alisema atakuja, Mungu akipenda. Ninyi vijana jifunzeni kuyasikiliza maneno hayo. Mtu mwenye nia ya kuja anauliza saa ngapi.

Alhamisi asubuhi, mfanyabiashara mmoja wa mbao, mzee wa kanisa, akafariki. Kwetu msiba unafuta kila kitu, na hakuna aliyeweza kulaumiwa. Watu wote walikwenda kwenye msiba. Nilikaa na Mama Pendo kwenye mkeka mpya ulioazimwa, Pendo akiwa amevaa sare za shule zilizopigwa pasi kwa sababu ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Stella aliingia, akatutazama.

"Wako wapi watakatifu?"

"Kuna msiba," nikasema.

"Wa tajiri?"

Mama Pendo akacheka mpaka akakohoa. "Mwache, Stella. Kwa maiti wanakwenda mbio. Nimekosea kuwaalika nikiwa hai."

Niliamini tutasogeza wiki moja. Mzee Balele alitikisa kichwa. Zamu iliyopita bila kufanyika inasubiri mzunguko umalizike, ndivyo ilivyokuwa siku zote, na wiki inayofuata ilikuwa kwa mtu mwingine ambaye ameshanunua sukari. "Nikivunja utaratibu kwa mmoja," alisema, "kesho kila mtu atakuja na sababu yake."

"Mzunguko ukiisha atakuwa kaburini, Mzee."

"Tumwombee, Mama Shija. Mungu hana zamu."

"Ndiyo, Mungu hana. Sisi ndio tunazo."

Aliumia kidogo, nikamwona. Lakini hakubadilika. Nilirudi nyumbani nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nina chumba nilichopanga, na zamu yangu ilikuwa inakuja baada ya huyo mwenye sukari. Nikarudi kwa Mzee Balele nikamwambia nampa Mama Pendo zamu yangu. Alikosa sababu ya kukataa. "Zamu yako ni yako," akasema. "Ukiitoa, umeitoa."

Wiki hizo mbili nilimlisha uji kwa kijiko kama mtu anayelinda taa isizimike. Nilijua ninafanya nini. Nilitaka aishi mpaka Alhamisi, sikuomba zaidi ya hapo.

Na siku hiyo walikuja. Nasema kweli, walikuja, karibu jumuiya nzima, kwa njia ya nyuma, na vigoda vyao. Moyo wangu uliruka. Mlango wa Mama Pendo ulikuwa wazi, pazia limefungwa pembeni kwa kitambaa, sakafu imesiribwa upya. Alikuwa ameegemezwa ukutani, amefunga kitambaa chake kichwani. Mzee Balele alifika mlangoni, akachungulia, akasalimia kwa adabu, akarudi nyuma hatua chache.

"Ndugu zangu," akasema, "hapa nje kuna hewa nzuri."

Wakaketi uani. Wote. Walivipanga vigoda nusu duara, migongo ya baadhi yao ikiwa imeuelekea mlango. Niliingia ndani nikakaa peke yangu kwenye mkeka, karibu na miguu ya Mama Pendo. Waliimba, na yeye akaimba kutoka ndani kwa sauti iliyobaki, akikosa pumzi katikati ya mistari. Mzee Balele alisoma, akaomba kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya mtoto. Ilikuwa sala nzuri. Ningeweza kuwaandikia hapa, lakini haina maana.

Kisha Pendo akatoka na chai. Stella alikuwa ameazima vikombe vya baa, kavisugua kwa majivu mpaka vikang'aa. Pendo alibeba sinia kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya kila mtu kama alivyofundishwa.

"Nimetoka kunywa, mwanangu."

"Mimi tumbo langu na chai haviendani. Wabeja sana, asante."

"Leo nimefunga."

"Hata mimi nimefunga."

Sijawahi kuona jumuiya iliyofunga kwa ghafla namna ile. Mtoto alizunguka nusu duara yote, akapiga goti mbele ya kila kigoda, akarudi mlangoni na sinia likiwa limejaa kama alivyolitoa. Nilichukua kikombe nikanywa. Nikachukua kingine. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi, ilikuwa chai ya mtu aliyesubiri wageni muda mrefu. Nje, Mzee Balele alishukuru kwa ukarimu, akasema zamu imepita salama, wakabeba vigoda vyao wakaenda.

"Wameingia?" aliniuliza Mama Pendo. Alikuwa anauona mlango vizuri kama mimi.

"Wamesali vizuri."

"Balele amesema zamu imepita?"

"Amesema."

"Basi imepita." Akageukia ukutani.

Stella alikuja kutoka mbele na aproni yake ya kazi, akakuta sinia sakafuni. Aliangalia vikombe, akamwangalia Pendo. Hakuuliza. Alikaa chini, akaanza kunywa, kikombe baada ya kikombe, kwa mikupuo mikubwa. "Sukari yote hii!" alisema. "Hawa watu wana wazimu. Pendo, njoo unisaidie, hiki nusu wewe nusu mimi." Walikunywa yote. Mtoto alianza kucheka alipoona tumbo la Stella, na mama yake ukutani akatabasamu bila kufungua macho.

Alifariki kabla ya Alhamisi nyingine. Zamu ilikuwa imehesabiwa, hivyo alizikwa kwa haki zote. Mzee Akbar alishusha jora, safari hii hakutania. Mchungaji alitoka usharika wa mbali. Akina mama walikuja na kuni, walipika, na watu walikula pale pale uani kutoka kwenye masufuria ya baa ile, na hakuna aliyekuwa amefunga.

Siku ya kuanua matanga jumuiya ilikaa kumzungumzia mtoto. Niliisubiri siku ile kwa hofu na kwa matumaini, maana ndiyo aliyoitaka Mama Pendo. Watu walisema vizuri. Mmoja alisema mtoto ni wa wote. Mwingine akasema ni kweli, ni wa wote. Ilipofika kwenye nyumba gani, kila mtu alitazama kigoda cha mwenzake. Mama Kabula aliuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ameshapimwa. Nikasimama nikasema nitamchukua mimi. Nililea wengine nikiwa mdogo zaidi, nitamlea na huyu.

Mzee Balele alifurahi kwa dhati. "Bwana asifiwe. Hata hivyo tumwulize mtoto mwenyewe, ndiyo utaratibu. Pendo, utakwenda kwa Mama Shija?"

Pendo alikuwa amesimama karibu na Stella, ameshika aproni yake.

"Nitakaa na mama Stella."

"Huyu si wa jumuiya, binti yangu. Mama Shija anakupenda. Alikunywa na chai yako."

Pendo aliniangalia. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa: "Mama Shija ni wenu."

Stella aliangalia chini. Nilingoja mtu mmoja aache kigoda chake, aje akae upande wa mtoto huyu, aseme ni wetu. Mzee Balele alikohoa, akasema basi, mtoto ameamua, akafunga kwa sala, na mwisho wa sala akatangaza nyumba ya Alhamisi inayofuata.

Nilikwenda Alhamisi hiyo. Na iliyofuata. Mtaniuliza kwa nini sikuacha. Sikuwa na pengine pa kusimama. Niliendelea kubeba sabuni na kutandika majeneza. Niliwatembelea Stella na Pendo, nikapokelewa vizuri, nikapewa kigoda. Pendo alinionyesha madaftari yake. Nikianza kuomba alikuwa anatoka nje taratibu, anarudi nikimaliza.

Haikupita muda zikaja habari kwamba dhahabu imeonekana porini upande wa Runzewe. Ilivyokuwa, habari kama hiyo ikifika asubuhi, jioni mtaa uko nusu tupu. Mwenye baa alipakia makreti, viti na wahudumu wake kwenye lori. Nilifika wakiwa tayari juu. Pendo alikaa kwenye magodoro, amefungwa kanga ya mama yake kichwani kuzuia vumbi.

"Shule je?" nikamwuliza Stella kwa kupaza sauti, maana injini ilikuwa inanguruma.

"Kuna watu, patakuwa na shule! Mama Shija, usinune. Ukitaka kumwona njoo. Njoo siku yoyote, sisi hatuna zamu."

Nilikwenda mvua zilipokatika. Nilikuta mashimo yamejaa maji, matambara ya turubai kwenye miti, na mzee mmoja anayechambua mchanga ulioachwa. Dhahabu ilikuwa imekwisha, watu wamehamia kwingine, hajui wapi. Tangu hapo kila nilikotumwa niliuliza. Nilifanya kazi katika machimbo ambayo siku hizi hayamo hata kwenye kumbukumbu za watu. Kabla ya kusema neno lolote la Mungu nilikuwa naulizia Stella, mhudumu wa baa, mrefu. Lakini Stella halikuwa jina lake la nyumbani, na sikuwahi kulijua hilo jingine.

Mara ya mwisho ilikuwa karibu na kustaafu, kwenye machimbo mapya yenye vibanda vya bati. Vijana walikuwa wamekaa wananoa tindo zao. Niliwasalimia, wakaitikia kwa heshima, wakanisogezea ndoo nikae. Nikawaambia namtafuta mtu anayeitwa Pendo, mama mtu mzima sasa, aliyekulia Geita.

"Pendo?" akasema mmoja. "Mama, hapa kina Pendo wako wengi. Yuko wa mgahawani, yuko mwenye saluni, yuko na wa kule mwaloni wanakoosha mchanga. Wewe unamtaka Pendo wa nani?"

Walinisubiri kwa adabu, tindo mikononi. Nikawaaga, nikanyanyuka kwenye ndoo, nikaanza kupita kibanda kwa kibanda.